Rivolva inaumiza mkono: mpini wa mpira, wa mbao au kijazio?

Duka litakuuzia mpini wa mpira kabla hujamaliza kusema kwamba rivolva inakuumiza. Mara nyingi si ushauri mbaya. Lakini wako wanaonunua mpini huo, wakaenda nao uwanja wa shabaha, na kidole kile kile kikavimba vile vile. Maumivu ya rivolva hayako mahali pamoja, na mpini unaotibu sehemu moja ya mkono huenda usiiguse kabisa sehemu nyingine. Kwa hiyo tuanze na mkono. Chapa zitafuata.

Tafuta panapouma

Piga risasi tano za kawaida, iweke bastola chini ikiwa tupu, tazama ngozi.

Wekundu ukiwa juu ya pingili ya kidole cha kati, aliyekupiga ni kinga ya kifyatulio. Rivolva nyingi zina uwazi kati ya nyuma ya kinga hiyo na upande wa mbele wa fremu ya mpini. Risasi ikitoka, bastola hurudi nyuma huku mdomo wa mtutu ukiinuka, mkono unateleza kwenda juu ndani ya ule uwazi, na chuma kinakutana na mfupa. Mpira laini ukiwa mgongoni mwa mpini haufanyi lolote hapa. Kinachotakiwa ni kitu cha kuujaza uwazi wenyewe, yaani kijazio.

Ukiwa kwenye panda ya mkono, yaani ile nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, basi tatizo ni mgongo wa fremu. Kwenye rivolva ndogo mgongo huo ni ukanda mwembamba wa chuma au alumini, na msukumo wote unapita kwenye eneo dogo la ngozi. Huyu ndiye anayefaidika na mpini uliofunika mgongo.

Maumivu ya tatu ndiyo ya kuogopwa, nayo hayaachi wekundu: ni ya ndani, kwenye shina la dole gumba, na huendelea hadi kesho yake unapofungua mfuniko wa chupa. Kwa kawaida chanzo ni umbali wa kufikia kifyatulio. Mtu mwenye vidole vifupi huuzungusha mpini mkononi ili kidole cha shahada kifike, na akifanya hivyo mgongo wa bastola unahama kutoka kwenye panda na kukaa moja kwa moja juu ya kiungo cha gumba. Kila risasi inakigonga kiungo. Mtu huyu akinunua mpini mnene wa mpira uliofunika mgongo, anaongeza umbali ule ule uliomponza.

Namna ya kupima ni rahisi. Hakikisha silinda haina kitu. Ishike bastola kwa namna ambayo mtutu na mfupa wa mkono wako wa mbele vinakaa kwenye mstari mmoja, kisha weka kidole kwenye kifyatulio. Kwa kufyatua bila kuivuta nyundo kwanza, kifyatulio kikae kati ya nyama ya ncha ya kidole na kiungo cha kwanza. Kama ni ukucha tu unaofika, mpini ni mnene mno kwako. Kama kidole kimepitiliza hadi kiungo cha pili, ni mwembamba mno, na wewe unaweza kuvaa mpini wowote mnene bila wasiwasi.

Kile ambacho mpini hauwezi

Mpini haupunguzi msukumo. Unabadilisha mahali unapotua, ukubwa wa eneo linaloupokea, na kidogo sana muda unaochukua. Msukumo wenyewe unaamuliwa na uzito wa bastola na aina ya risasi, na hesabu yake haina huruma.

Chukua risasi ya .38 Special yenye kichwa cha greni 158, karibu gramu 10.2, inayotoka kwa mita 230 hivi kwa sekunde. Ukijumlisha na gesi ya baruti, Smith & Wesson Model 10 ya chuma yenye uzito wa kilo moja inarudi nyuma kwa takriban mita 2.7 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 3.6 hivi. Risasi hiyo hiyo ndani ya Model 642, ambayo fremu yake ni ya alumini na uzito wake takriban gramu 410, inairudisha bastola kwa mita 6.6 kwa sekunde na jouli karibu 9. Sasa chukua .357 Magnum ya greni 125, risasi yenye nguvu zaidi, ndani ya rivolva ndogo ya 340 PD yenye gramu 335 hivi: jouli zinakaribia 28. Hizi ni hesabu za karibu, lakini picha ni hiyo. Hakuna mpira wa shilingi wala wa dola unaofuta tofauti ya mara nane.

Ndiyo maana mwenye bastola ndogo ya magnum aanze kwa kubadilisha risasi. Rivolva ya .357 hupokea .38 Special bila tatizo (kinyume chake ni marufuku). Kwa mazoezi, risasi ya shabaha ya greni 148 yenye kichwa bapa ndiyo pole kuliko zote za kawaida. Ukizipiga nyingi, sugua vyumba vya silinda kwa brashi ya shaba, kwa sababu .38 ni fupi na huacha pete ya uchafu inayozuia .357 kuingia hadi mwisho.

Mipini kwa kulinganisha

| Aina | Kidole cha kati | Panda ya mkono | Shina la gumba | Chini ya nguo |
|---|---|---|---|---|
| Vibao vyembamba vya kiwandani | vibaya | vibaya | sawa kwa mkono mdogo | bora |
| Vibao hivyo pamoja na kijazio | vizuri sana | hakuna badiliko | sawa kwa mkono mdogo | bora |
| Mpira, mgongo wazi | mzuri | nafuu kidogo | mzuri kwa mkono mdogo | hunasa nguo |
| Mpira, mgongo umefunikwa | mzuri | mzuri sana | mzuri kwa mkono mkubwa tu | mnene, hunasa nguo |
| Mbao nene za kuchongwa | mzuri | hutegemea umbo | hutegemea umbo | wastani |

Jedwali halisemi yote, na safu ya mbao nene ndiyo inayodanganya zaidi. Tutaifikia.

Kijazio ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Maarufu ni Tyler T-Grip kutoka Oklahoma: kipande cha alumini kinachokaa nyuma ya kinga ya kifyatulio, kikishikiliwa na vibanio vyembamba vinavyoingia chini ya vibao vya mbao. Kinajaza uwazi, kinakishusha kidole cha kati milimita kadhaa, na kinauzuia mkono usiteleze kwenda juu. Unene wa mgongo haubadiliki, kwa hiyo umbali wa kifyatulio unabaki ule ule. Kwa mtu mwenye mkono mdogo na maumivu ya kidole cha kati, hiki kinashinda mpini wowote wa mpira, na bastola inabaki nyembamba. Kasoro zake ni mbili: kinatengenezwa kwa fremu mahususi (Smith & Wesson huzipa fremu zake herufi kwa ukubwa: J ndogo, K ya kati, L kubwa kidogo kuliko K, N kubwa), kwa hiyo cha fremu ya K hakitakaa kwenye J, na vibanio vikipindwa vibaya vibao havikai sawasawa na vitalegea.

Mpira wenye mgongo wazi, kama Bantam ya Hogue kwa fremu ya J, hujaza mbele lakini huacha chuma cha mgongo kiguse ngozi. Watu hulalamika kwamba "mpira huu hausaidii", kumbe panda ndiyo iliyokuwa ikiuma na mpira haukuwahi kufika hapo. Kwa upande mwingine, ndio mpira pekee ambao mwenye vidole vifupi anaweza kuutumia bila kuupoteza mshiko wake.

Mpira uliofunika mgongo una ngazi zake. Pachmayr Presentation ni mpira mgumu kiasi, Decelerator ya kampuni hiyo hiyo ni laini zaidi, na Tamer ya Hogue ina kipande cha Sorbothane, mata laini ya kufyonza mshtuko, kilichopachikwa mgongoni, mahali panda inapokaa. Kati ya hizo tunaiweka Tamer mbele kwa maumivu ya panda, kwa sababu ulaini uko pale unapohitajika na kwingine mpini unabaki imara. Mpira ulio laini kila mahali una tabia ya kuiacha bastola icheze mkononi, nawe unalazimika kuirekebisha baada ya kila risasi.

Jambo moja kuhusu mpira wowote: unashika ngozi. Hilo ni zuri mkono ukiwa na jasho, lakini bastola inapozunguka kwenda juu, mpira huivuta ngozi pamoja nayo. Baada ya risasi hamsini za magnum, malengelenge kwenye panda yanaweza kuwa ya msuguano tu. Dalili ni ngozi iliyochubuka bila maumivu ya ndani. Hapo mbao laini zisizo na mikwaruzo ya kushikia zinaweza kuwa nafuu, ajabu ingawa ni kweli.

Na mbao nene? Zikiwa za umbo sahihi, ni nzuri kuliko chochote kilichotajwa, kwa sababu zinausambaza msukumo kwenye kiganja kizima. Umbo sahihi ni nene juu na katikati, likipungua kuelekea chini, kwa kuwa vidole vya chini ni vifupi. Mipini mingi mikubwa ya zamani, ile ya shabaha iliyokuja na rivolva za .44 Magnum, imefanya kinyume: myembamba juu, mipana chini. Kidole cha mwisho hakizunguki, mshiko unafunguka chini, na bastola inapanda. Epuka pia mikato ya umbo la almasi yenye ncha kali kwa risasi kali, maana inakata kama tupa. G10, ile nyuzi za kioo na gundi ngumu, ina tabia za mbao ngumu, na ile yenye mikwaruzo mikali ni ya kutunzwa kwa risasi pole.

Vijito vya vidole ni kamari. Vikilingana na vidole vyako, raha. Visipolingana, kila ukingo unakaa chini ya mfupa badala ya katikati ya vidole viwili. Usinunue mpini wenye vijito bila kuushika. Vya mbao angalau vinaweza kusawazishwa kwa msasa wa namba 120, kisha 220 na 400, halafu mafuta ya kitani yaliyochemshwa.

Urefu nao una neno. Mpini mfupi wa vidole viwili unafichika mfukoni, ila kidole cha mwisho kinaning'inia. Ukikikunja chini ya kitako kinasaidia kidogo, lakini sentimita moja na nusu ya urefu inayokiwezesha kushika inafanya kazi kubwa kuliko ulaini wowote. Anayeibeba bastola kwenye mkanda hana sababu ya kuteseka na mpini mfupi.

Bastola ipi, mpini upi

Kwa 642 na ndugu zake wa fremu ya J: kama ni ya mazoezi na mkanda, chukua Tamer au mpini mwingine wa vidole vitatu uliofunika mgongo, isipokuwa vidole vyako ni vifupi. Kama ni ya mfukoni, chukua mpini mfupi ulio laini juu, kisha punguza ukali wa risasi. Watu wengi wanaweza kuwa na mipini miwili na kubadilisha kwa bisibisi moja.

Ruger LCR ina faida isiyotangazwa vya kutosha. Fremu yake haina mgongo wa chuma hadi chini, ina kijiti tu ambacho mpini unavishwa. Kwa hiyo mpira au Sorbothane vinaweza kukaa mgongoni mwa mpini bila kuuongeza unene. LCR ya .38 ina gramu 383 tu, nyepesi kuliko 642, lakini wengi huiona pole zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa GP100 na Super Redhawk, ambazo zina kijiti cha aina moja na hubadilishana mipini. Redhawk ya kawaida haimo katika undugu huo ingawa jina linafanana, wala SP101, ambayo ina mipini yake.

Fremu za K na L za Smith & Wesson zenye kitako cha mviringo zinapokea mpini wa fremu ya X, ule uliotengenezewa Model 500 ya mwaka 2003. Una mto mgongoni na umefunika chuma chote. Kwenye 686 ya .357 ni starehe, kwa masharti ya vidole virefu. N yenye .44 Magnum ni bastola kubwa tayari, na hapo wenye mikono ya wastani wajaribu kwanza mgongo wazi.

Rivolva za kuvuta nyundo kila risasi zina mpini wa kale uliojikunja kama wa Colt ya 1873. Mpini huo umekusudiwa kuzunguka mkononi: badala ya kukupiga nyuma, bastola inapanda na kuteleza kwenye kiganja. Kuuvisha mpira unaonata ni kuuharibu ufundi wake, na wengi hurudi kwenye mbao laini. Kwa .44 Magnum na kuendelea, kidole cha kati kinachogongwa kwenye Super Blackhawk ya kinga yenye pembe hutibiwa vizuri zaidi na fremu ya Bisley ya Ruger, ndefu zaidi na iliyonyooka, isiyozunguka sana. Hiyo ni kununua bastola nyingine, kwa kweli.

Taurus ndogo inafanana na fremu ya J kwa macho tu. Mipini ya J haikai sawasawa juu yake. Taurus wenyewe wana mpini wenye mbavu laini za mpira unaofanya kazi vizuri kwenye bastola zake za kati, na usiubadilishe kabla hujajua unauma wapi.

Kuufunga bila kuharibu

Toa risasi, fungua silinda, hesabu vyumba vya silinda kwa macho na kwa kidole, peleka risasi kwenye chumba kingine cha nyumba. Tumia bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu kwa upana wote. Ya jikoni itaupasua.

Kwa vibao viwili: legeza skrubu hadi nusu, igonge kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi, kibao cha upande wa pili kitaachia. Usichokonoe pembeni kwa kisu, mbao zitatoka kipande. Kwa mpini wa kipande kimoja wa Hogue: skrubu iko chini ya kitako. Ukiitoa, mpini unavutwa kwenda chini. Ndani kuna kikuku cha chuma kinachoning'inia kwenye pini ya fremu. Mpini mpya unakuja na kikuku chake. Kivishe kwenye pini, tundu lenye nyuzi likitazama chini, sukuma mpini kutoka chini hadi juu, kisha kaza kwa mkono na umalizie robo mzunguko tu. Ukikaza zaidi, kikuku kinapinda au nyuzi zinachanika.

Kwenye fremu za K, L na N kuna skrubu nyingine upande wa mbele wa mpini, karibu na chini. Hiyo si ya mpini. Inakaza springi kuu, na ukiilegeza bastola itakuwa nyepesi kufyatua kisha itaanza kushindwa kuwasha risasi. Ukiikuta imelegea, ikaze hadi mwisho. Kwenye J springi ni ya mviringo, na hatari ni nyingine: mpini uliokaa vibaya unaisugua. Fyatua kwa risasi bandia mara kumi na usikilize. Kifyatulio kikirudi kwa uvivu, fungua uangalie.

Jaribu pia kutoa maganda matupu. Kibao cha kushoto kikiwa kinene juu, ganda la chini hukwama, na vipakizi vya haraka vya HKS au Safariland haviingii. Mipini mizuri ina sehemu iliyochimbwa hapo. Ya mbao ichonge kidogo kidogo, ya mpira iache na ununue nyingine.

Smith & Wesson nyingi zina namba ya bastola chini ya kitako, na mpini uliofunika kitako unaificha. Kenya, Tanzania au popote ofisa anapotaka kusoma namba wakati wa kuhuisha leseni, nenda na bisibisi au uvishe mpini wa zamani siku hiyo.

Mpira hauna urafiki na mafuta mengi wala dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, utakuwa wa kunata na kuvimba. Chini yake jasho na unyevu hukaa, na kwenye miji ya pwani chuma kisicho cha pua huanza kutu mahali usipopaona. Kila mwezi fungua mpini, pangusa fremu, paka mafuta mepesi kwa kitambaa hadi yabaki ung'avu tu, acha dakika chache, pangusa tena, kisha funga.